Mota sinkronia: mota inayocheza kwa mpigo wa umeme

Mota sinkronia ni mota ambayo kasi yake inaamuliwa na mpigo wa umeme wenyewe. Umeme unaofika Kirumba au Nyakato, hapa Mwanza, hauendi upande mmoja kama maji ya bomba. Huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndani ya saa kuukuu ya ukutani, ile ya kuchomeka kwenye soketi, koili (waya uliozungushwa) hugeuka sumaku kwa mpigo huo, na rota, yaani sehemu inayozunguka katikati, huufuata. Rota ya ncha mbili za sumaku huzunguka mara 3,000 kwa dakika, kisha gia hupunguza mbio hizo mpaka akrabu ya sekunde izunguke mara moja tu kwa dakika.

Aliyetazama bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, ameshaelewa. Mchezaji hahesabu sekunde ili ajue lini ashushe jembe, anaisikiliza ngoma. Saa hii nayo haina pendulamu wala springi ya kupima muda. Ngoma yake inapigwa kwenye mabwawa ya umeme ya Kidatu na Julius Nyerere, ambako mitambo yote iliyo katika gridi moja, yaani mtandao mmoja wa umeme, huzunguka kwa mpigo mmoja. Mimi hapo ndipo ninapoipenda.

Ila ngoma ikichelewa, saa zote huchelewa. Ndiyo maana mwaka 1916 Henry Warren wa Marekani, mbunifu wa saa za aina hii, alifunga saa maalumu katika kituo cha umeme cha Boston, waendesha mitambo waone mpigo wao unapoteleza na kuurekebisha.

Jirani yangu wa Nyamanoro aliletewa saa ya Marekani, akanunua na transfoma ya kushusha volti 230 hadi 120. Ikawaka vizuri, lakini kila saa moja ikabaki nyuma dakika 10. Alidhani gia zimelika. Gia zilikuwa nzima kabisa: Marekani mpigo ni 60 kwa sekunde, na transfoma hushusha volti tu, mpigo haiugusi.

Umeme ukikatika, saa husimama. Ukirudi, baadhi huanza zenyewe, kwa sababu kila ncha ya sumaku ina pete ya shaba inayochelewesha sehemu ya usumaku na kuisukuma rota upande mmoja. Zisizo na pete hizo huanzishwa kwa kuzungusha kitufe cha nyuma kwa vidole. Zile zinazoanza zenyewe ndizo hudanganya, maana zinatembea huku zimeshapoteza muda wote wa giza. Warren aliliona hilo, akaweka kidoto chekundu kwenye uso wa saa kuonyesha kwamba umeme ulikatika.