Si kila Mirza alikuwa mwana wa mfalme

Wengi huamini kwamba kila mwenye cheo cha Mirza anayetajwa katika historia ya Uajemi, yaani Iran, alikuwa mwana wa mfalme. Imani hiyo ina msingi: cheo hiki kilitokana na amirzada, yaani mzaliwa wa amiri, na amiri ni yuleyule wa amiri jeshi. Lakini matumizi yalipanuka. Enzi za Wakajari, waliotawala Iran tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1925, tazama neno limekaa wapi. Likifuata jina, tuseme Yusuf Mirza, mwenyewe ni wa ukoo wa kifalme. Likitangulia, Mirza Yusuf, huyo ni karani, mwandishi wa barua za serikali au msomi tu, pengine mtoto wa mwenye duka. Kwangu heshima hii ya pili ndiyo nzuri zaidi, maana ilipatikana kwa kalamu.

Mwaka 1925 Iran ilifuta vyeo vya namna hii na kuwataka raia wachukue majina ya ukoo. Kwa hiyo angalia kwanza mwaka wa maandishi, kisha mpangilio wa jina, halafu linganisha kamusi ya Kiajemi na ensaiklopidia. Na usiihamishie kanuni hii India: huko baadhi ya wana wa wafalme wa Kimoghuli waliandikwa Mirza mwanzoni mwa jina.