Simba wa Nachod na bonde la Mance

Kila muhula tukifika kwenye vita vya 1870 kati ya Prussia na Ufaransa, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: ilikuwaje mzee wa miaka 73 akabidhiwe jeshi zima? Akishauliza, hujijibu mwenyewe: alizeeka, akavurunda. Mimi sikubali. Karl Friedrich von Steinmetz alifanya 1870 yale yale aliyoyafanya 1866. Mara ya kwanza wakamwita simba, mara ya pili wakamwondoa.

Alizaliwa Eisenach, Desemba 1796, akasomea shule ya makadeti huko Stolp katika miaka ambayo Wafaransa waliikalia Prussia na kuikamua. Mwaka 1813 yeye na kaka yake walipenya katikati ya vituo vya Wafaransa mpaka mji wa Breslau ili wakajiandikishe katika jeshi la Prussia. Kaka alifia kwenye mapigano ya Leipzig. Mdogo alijeruhiwa zaidi ya mara moja, na 1814, akiwa na miaka 17, akavishwa Msalaba wa Chuma, nishani ya ushujaa ya Prussia. Vita vilipokwisha, wenzake walikuwa wakijivinjari Paris. Yeye aliingia mjini mara moja tu. Mshahara wake wote alikuwa akimpelekea mama yake mjane, na aliogopa mji ule usije ukamtia tamaa.

Hapo ndipo ninapomwona mtu mwenyewe. Ufukara ulimfungia hata mlango wa kikosi cha farasi, maana ofisa wa farasi alihitaji fedha za kwao. Alipohitimu chuo cha vita kwa alama za juu kabisa, mkuu wake, Jenerali Müffling, aliripoti kwamba kijana ana majivuno na hapendi hata kutiwa moyo, ila uwezo wake unastahili kila upendeleo. Tabia hiyo hakuiacha mpaka uzeeni: akipewa ushauri, anasikia dharau.

Miaka hamsini ya amani na vita vidogo naipita haraka. Alipanda cheo polepole, na 1864 alikuwa Posen, mkuu wa Kikosi cha Tano, yaani divisheni mbili zenye watu wapatao 30,000.

Juni 1866 Prussia ikaingia Bohemia kupigana na Austria. Kikosi cha Tano kilipaswa kuvuka milima kwa barabara moja nyembamba inayotokea Nachod. Watu 30,000 kwenye barabara moja ni msafara wa kilomita nyingi. Wa mbele wakishapigana, wa nyuma bado wako bondeni na mikokoteni. Tarehe 27 askari wachache wa kutangulia walishikilia uwanda wa juu kwa saa kadhaa mbele ya kikosi kizima cha Jenerali Ramming wa Austria, mpaka wenzao wakawafikia. Walioamua mambo ni askari wa kawaida na bunduki zao. Mwaustria alikuwa na gobori: lazima asimame, amimine baruti, ashindilie kwa mdomo wa bunduki. Mprussia alikuwa na bunduki ya sindano ya Dreyse, anaingiza risasi kwa nyuma akiwa amelala kifudifudi. Prussia ilipoteza watu 1,100 hivi, Austria zaidi ya 5,000. Kesho yake Steinmetz akashinda Skalitz, kesho kutwa Schweinschädel. Siku tatu, mapigano matatu, na jenerali wa miaka 69. Basi akawa Simba wa Nachod.

Ona kilichombeba: adui alikuwa mbele, barabara moja, na kazi ni kusukuma tu. Kwa kazi hiyo alikuwa hana mfano.

Mwaka 1870 akapewa Jeshi la Kwanza, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mpango wa Moltke, aliyeongoza makao makuu ya jeshi la Prussia, ulikuwa majeshi matatu yaende sambamba, kila moja na njia yake. Steinmetz alisogea kusini akaziba barabara za Jeshi la Pili la Mwanamfalme Friedrich Karl. Alipoamriwa apishe, akalalamika moja kwa moja kwa Mfalme. Tarehe 6 Agosti divisheni yake moja ikajitupa kwenye vilima vya Spicheren bila kutumwa na Moltke. Walishinda, lakini karibu watu 5,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na mpango ukavurugika.

Tarehe 18 Agosti ndiyo iliyommaliza. Mbele ya kijiji cha Gravelotte kuna bonde la kijito cha Mance, kuta zake kali na zimejaa miti, na barabara kubwa inalikatiza kwa njia moja tu juu ya tuta. Ng'ambo wako Wafaransa wa Jenerali Frossard ndani ya mahandaki, na bunduki za Chassepot zinazofika mbali mara mbili ya Dreyse. Askari wa Prussia walifanikiwa kuteka shamba la St. Hubert, milio ikapungua, Steinmetz akaamini adui anakimbia. Akaamuru mizinga na divisheni nzima ya farasi zivuke kwa tuta lile lile, huku majeruhi wanarudi. Farasi, mikokoteni ya baruti, askari wa miguu, wote wamebanana shingoni mwa barabara. Betri, yaani kundi la mizinga, iliyobaki ng'ambo ilijibanza kwenye ukuta wa bustani ya St. Hubert, ikafyatua. Farasi wakageuzwa. Jioni hofu ikaibuka bondeni, watu wakatimka kupitia Gravelotte mbele ya Mfalme mwenyewe.

Lawama zote asibebeshwe yeye, kwani jioni ile Mfalme aliruhusu kikosi kingine, cha Fransecky, kitupwe humo humo, na Moltke alikuwepo. Baadaye Moltke aliandika kwamba ingefaa asingeruhusu.

Majuma machache mbele Steinmetz aliwekwa chini ya Friedrich Karl, mwanamfalme aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuweza kuvumilia. Septemba wakampeleka Posen awe gavana. 1871 wakampa cheo cha jemadari mkuu, na Agosti 1877 akafia Landeck.

Nisiache hili. Kikosi chake cha zamani kilikuwa Ufaransa wakati huo, chini ya Kirchbach, aliyekuwa mkuu wa divisheni yake kule Nachod. Siku ile ile ya Spicheren, huko Wörth, Kirchbach aliagizwa asiendeleze mapigano. Akayaendeleza, na jioni Wafaransa walikuwa wanakimbia. Yeye akapongezwa.