Sato na sangara kwa ndoano: yasemwayo ufukweni Mwanza, na ukweli wake

"Sangara mkubwa yuko kilindini." Hii ndiyo inayowapotezea wengi siku nzima. Ziwa Victoria lina kina cha takriban mita 80 panapozidi, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi hivi maji hujigawa matabaka: ya juu yana joto na hewa ya kutosha, ya chini hupungukiwa oksijeni. Sangara hastahimili hali hiyo, kwa hiyo hupanda au husogea pwani. Chambo kilicholala topeni wakati huo hakina wa kukila. Miezi hiyo anza na mita 5 hadi 10, kando ya miamba, maana furu, samaki wadogo wa ziwani, hujificha humo na sangara huwafuata. Chagua upande unaopigwa na mawimbi, si ule uliotulia, hata kama uliotulia ndio rahisi kutupia mshipi. Pepo za kusini-mashariki zikivuma katikati ya mwaka, maji huchanganyika, na hapo kushusha chini kuna maana.

"Ndoano kubwa, samaki mkubwa." Kwa sangara, sawa. Sato ana mdomo mdogo. Namba 8 au 10 inatosha (namba ikipanda, ndoano inapungua), na mshipi wa milimita 0.25 hadi 0.30. Weka kipande kidogo cha mnyoo au ugali uliokandwa ukakaza. Risasi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, ikae sentimita 20 juu ya ndoano, boya lipimwe ili chambo kielee kidogo juu ya sakafu ya ziwa. Minyoo ikining'inia mirefu, sato huitafuna ncha na kuondoka.

"Akigusa tu, vuta kwa nguvu." Boya likitikisika, subiri lizame au liende upande, kisha inua mkono tu. Sangara kwa furu hai umpe mshipi kidogo ameze kwanza. Furu mwenyewe mchome chini ya ngozi, nyuma ya pezi la mgongoni. Ukigusa uti, anakufa. Funga mbele kipande cha mshipi mnene, milimita 0.8, kwa sababu meno ya sangara ni madogo lakini husaga mshipi kama msasa. Akiruka, usiulegeze: hutikisa kichwa na kuitema ndoano. Kifuniko cha shavu lake kina miiba, usimshike hapo.

"Aliye chini ya kipimo ukimrudisha atapona." Kipimo cha chini cha sangara ni sentimita 50. Ila aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu, bondo lake, yaani kifuko cha hewa tumboni, hutanuka, naye hushindwa kuzama na kuliwa na ndege furukombe. Ukitaka kurudisha samaki, vua maji mafupi, lowesha mikono kwanza.

"Ziwa kubwa halina kichocho." Kipo, hasa ukingoni penye majani na konokono, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Vulia juu ya jiwe au mtumbwini, si ukiwa umezama magotini.