Ugomvi wa Karatasi na Dinari

Ukisema karatasi, umetamka neno lililowahi kuzua ugomvi kati ya khalifa wa Waislamu na mfalme wa Warumi. Waarabu waliliita qirtas, wakiwa wamelipokea kwa Wagiriki, na siku hizo lilikuwa jina la karatasi za mafunjo zilizotengenezwa Misri. Ukisema fulusi, umetamka follis, sarafu ya shaba ya hao hao Warumi. Kazi yangu ni kusoma sarafu za kale, na nikifundisha uhasama wa dola kubwa za karne ya 7 huanzia kwenye maneno haya mawili, maana wanafunzi wengi huja wakidhani habari yote ni mapanga na farasi.

Mwanzoni zizi lilikuwa na mafahali wawili. Rumi ya Mashariki, ambayo vitabu vya leo huiita Bizanti, ilitamba kwa dhahabu: solidus yenye gramu 4.5 hivi, 72 kwa kila ratili ya Kirumi, kipimo kilichowekwa na Konstantino katika karne ya 4. Uajemi, chini ya ukoo wa kifalme wa Wasasani, ulitamba kwa fedha: drahm, pana na nyembamba, yenye uso wa mfalme upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili. Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6, anasimulia kwamba Mrumi na Mwajemi walibishana mbele ya mfalme wa Sri Lanka, kila mmoja akidai bwana wake ndiye mkubwa. Yule Mrumi, Sopatros, hakusema mengi. Aliomba sarafu za wafalme wote wawili ziletwe, zitazamwe. Dhahabu ikashinda fedha, naye akapandishwa juu ya tembo na kuzungushwa mjini kwa ngoma.

Vita vya mwaka 602 hadi 628 viliwachosha mafahali wote wawili. Waarabu walipokuja, Uajemi ulianguka wote, na mfalme wake wa mwisho, Yazdegerd III, akauawa Merv mwaka 651. Rumi ilipoteza Sham, yaani Syria na jirani zake, na Misri lakini Konstantinopoli ilibaki.

Washindi hawakuja na sarafu zao wenyewe, na mfanyabiashara wa sokoni alitaka ile aliyoizoea. Kwa hiyo utakuta drahm yenye uso wa Khosrow II, mfalme wa Wasasani, na taji lake lenye mabawa, na pembeni mwake neno la Kiarabu: Bismillah. Utakuta dhahabu ya Sham ambayo msalaba wake umekatwa mikono, ukabaki mti mtupu juu ya ngazi. Mimi nazipenda sarafu hizi za mpito kuliko zile nzuri zilizofuata. Ndani yake unamwona mtawala mpya akipapasa, akijaribu kujisemea kwa ulimi wa mwenzake.

Ugomvi wenyewe ameusimulia al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya 9. Misri iliuzia Rumi karatasi, na Rumi ilipeleka dinari za dhahabu, yaani zile solidus, kwa Waarabu. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala Dameski kuanzia 685 hadi 705, akaamuru juu ya kila karatasi yaandikwe maneno ya "Qul huwa Allahu ahad", sema yeye ni Allah mmoja. Mfalme wa Rumi akakasirika, akaandika: ondoeni maneno hayo, la sivyo mtaona kwenye dinari zetu maneno msiyopenda kumhusu Mtume wenu. Khalifa akataka ushauri. Khalid bin Yazid, mwanamfalme wa ukoo wake, akamwambia azipige marufuku dinari za Rumi, awapigie watu wake sarafu nyingine.

Angalia hali ilivyokuwa: maadui wanaopigana kila kiangazi mipakani, na bado mmoja hawezi kuandika bila karatasi ya mwenzake, wala mwenzake hawezi kununua bila dinari ya huyu. Mwaka 688 walikuwa hata wamekubaliana kugawana kodi za kisiwa cha Kupro.

Mfalme huyo wa Rumi alikuwa Justinian II. Naye alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa katika dhahabu ya Rumi: aliweka uso wa Kristo upande wa mbele, akajihamishia mwenyewe upande wa nyuma, amesimama ameshika msalaba, na maandishi yanayomwita mtumishi wa Kristo. Theophanes, mwandishi wa Konstantinopoli, anasema vita vya Sebastopolis vya mwaka 692, kati ya Warumi na Waarabu, vilizuka kwa sababu Justinian alikataa kulipwa kwa sarafu mpya za Waarabu. Tarehe zilizochapwa kwenye sarafu zenyewe zinaleta shaka, kwani dinari ya kwanza ya Abdul-Malik yenye mwaka ni ya 74 Hijria, yaani 693 au 694. Hapa mimi naisikiliza sarafu kwanza, mwandishi baadaye.

Na dinari hiyo ya 74 ni jibu la wazi. Mfalme kasimama na msalaba? Khalifa naye kasimama, ndevu na nywele ndefu, kanzu hadi miguuni, mkono umeshika upanga. Picha kwa picha. Lakini miaka mitatu tu baadaye, mwaka 77, Abdul-Malik akaiacha njia hiyo. Hakuna uso, hakuna mti juu ya ngazi. Ni maandishi matupu: hapana mungu ila Allah, hana mshirika, na upande wa pili, hakuzaa wala hakuzaliwa. Uzito nao ukashuka kutoka kiasi cha gramu 4.5 hadi 4.25. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa, maana hakujibu tena swali la Justinian, aliuliza la kwake.

Justinian alipinduliwa mwaka 695 na kukatwa pua. Uso wa Kristo ukatoweka kwenye sarafu, ukarudi aliporudi yeye madarakani mwaka 705, kisha ukapotea hadi 843. Na mwaka 720 hivi, Leo III, mfalme mwingine wa Rumi, akatoa sarafu mpya ya fedha, miliaresion: pana, nyembamba, upande mmoja mistari ya maandishi matupu, upande wa pili msalaba juu ya ngazi. Umbo ni la dirhamu, sarafu ya fedha ya Waarabu. Baadhi zimepigwa juu ya dirhamu zenyewe, na ukiigeuza chini ya taa unaona herufi za Kiarabu zikichungulia chini ya zile za Kigiriki.

Mtindo ulisafiri. Mfalme Offa wa Mercia, Uingereza, aliiga dinari ya mwaka 157 Hijria na kupachika jina lake, OFFA REX, kichwa chini miguu juu, katikati ya Kiarabu asichokisoma. Wakhazari, watu wa nyika za kaskazini mwa Kaukazi ambao watawala wao walifuata dini ya Kiyahudi, mwaka 837 au 838, waligonga dirhamu iliyoandikwa Musa ni mtume wa Allah.

Na kwetu, Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, makhalifa wa Misri. Vile vya fedha vina majina ya watawala wa pwani kwa herufi za Kiarabu, hakuna uso hata mmoja, na maneno ya upande wa mbele yana vina na ya upande wa nyuma.