Uthibitishaji wa mtumiaji na uhakiki wa data: nini maana yake?

Ombi linapofika kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kujibu maombi ya watumiaji, kuna maswali mawili ya kujibu. Aliyelituma ni nani? Huo ni uthibitishaji wa mtumiaji. Alicholeta kinakubalika? Huo ni uhakiki wa data. Waandishi wengi wa programu hulijibu la kwanza kwa makini, la pili wakaliacha, na hapo ndipo watu huumia.

Tuseme kuna ushirika wa maziwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha. Karani ameingia kwa nywila yake halali, akaandika lita 125 badala ya 12.5. Mfumo unamtambua vizuri, lakini hesabu ya mfugaji imeharibika. Kwa hiyo lita ziwekewe masharti: ziwe namba, zizidi sifuri, zisipite kiasi ambacho mfugaji mmoja anaweza kuleta kwa siku. Ukaguzi huo ufanyike kwenye seva. Ule wa kwenye fomu humsaidia karani kuona kosa mapema, basi. Mshambuliaji haipiti fomu, hutuma ombi lake moja kwa moja.

Sasa mfugaji wa kijiji cha Ng'iresi anajisajili. Kama msimbo unaunganisha maandishi yake na amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, ile alama ya king'ong'o (') inafunga maandishi kabla ya wakati na usajili unakwama. Mtu mwenye hila ataongeza maneno yake baada ya alama hiyo, na hifadhidata itayatekeleza kama amri. Shambulio hili limeelezwa hadharani tangu 1998, na bado linafaulu. Wapo wanaolizuia kwa kukataza alama yenyewe. Hilo ni kosa: huwezi kumwambia mtu kijiji chake hakiandikiki. Dawa ni kuandaa amri kwanza, na kupeleka thamani kando, ili zisomwe kama data tu.

Nywila nazo zisihifadhiwe zilivyo. Zipitishwe kwenye bcrypt, kanuni ya kuzigeuza kuwa maandishi yasiyorudishika, iliyotoka 1999 na ambayo imefanywa ya polepole makusudi ili kubahatisha kuwe na gharama.

Kisha kuna idhini, yaani nani anaruhusiwa kuona au kufanya nini, ambayo huchanganywa na uthibitishaji. Mfugaji aliyeingia kihalali akibadilisha namba ya uanachama kwenye anwani ya ukurasa, asione malipo ya jirani yake. Kila ombi, seva ilinganishe namba iliyoombwa na ile ya aliyeingia. Zikitofautiana, ijibu 403, yaani hairuhusiwi.