Meli ikilipuka, pesa haijaliwa

Jana pale Area C, Dodoma, kijana mmoja alikuwa tayari kuuza simu anunue meli ya angani ya Star Citizen, mchezo wa kompyuta, yenye bima ya kudumu. Eti bila hiyo, meli ikilipuka pesa imeliwa. Sivyo. Mchezo huu, unaochangiwa na wachezaji tangu 2012, bado uko kwenye majaribio, na bima za kawaida hazijaanza kuhesabiwa muda. Meli ikilipuka unaenda kwenye kompyuta ya kituoni, unadai, unasubiri dakika kadhaa, unapewa nyingine. Una haraka? Lipia kwa sarafu za mchezoni. Kinachopotea ni shehena, kama bima kubwa ya bodaboda inavyolipia pikipiki, si tenga la zabibu ulilopakia. Simu bado anayo.