Bunduki ya bolti ikikwama, anza na risasi

Kila msimu wa uwindaji ukifunguliwa, simu huanza: "Fundi, bunduki imeharibika." Nikiuliza imeharibikaje, naambiwa inakwama tu. Inakwama wapi? Risasi inapopanda kutoka magazini, kile kisanduku chake, inapoingia chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inapopigiwa, mkono wa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, unapokataa kushuka, au unapokataa kunyanyuka baada ya kupiga? Hayo ni maradhi manne, kila moja na dawa yake, na mara nyingi bunduki yenyewe haina kosa lolote.

Mwaka jana alikuja karakana kwangu hapa Dodoma mzee mmoja, mwindaji wa siku nyingi, akitokea upande wa Itigi. Alikuwa na bunduki nzito ya 375 H&H ya bolti, inayobeba risasi nne magazini.

"Mwanangu," akasema, "tatu zinapanda vizuri, ya nne inagoma. Ningekuwa ndani ya kile kichaka cha kwetu na mbogo mbele yangu, leo ungekuwa unakula ubwabwa wa matanga yangu."

Nilitoa risasi zote, nikachomoa pini ya kufyatulia kwenye bolti. Hilo silirukii hata siku moja. Hakuna kuingiza risasi hai chemba karakanani huku pini ipo. Kisha nikazipanga risasi zake mezani. Tatu zilikuwa na ncha nzuri. Ya nne, ile iliyokaa chini kabisa ya magazini, ncha yake ya madini laini ya risasi ilikuwa bapa kama kichwa cha msumari uliopigwa na mwanagenzi. Nikaipima. Urefu wa juu kabisa wa risasi ya 375 H&H nzima ni milimita 91.44. Tatu zilikaribia hapo. Hii ilikuwa chini ya 89.

"Mzee, hii umeiweka lini?"

Hakukumbuka. Na hapo ndipo siri ilipo. Mwindaji hupiga moja au mbili, kisha hujazia juu. Inayopigwa ni ya juu, inayojazwa ni ya juu. Ya chini inabaki palepale wiki hadi wiki. Kila bunduki inaporudi nyuma begani, risasi zilizobaki magazini hujigonga kwenye ukuta wa mbele. Bunduki nzito kama hii ina teke kali, basi ncha inabondeka, na kama mdomo wa ganda haukukibana kichwa, ile sehemu inayoruka, barabara, kichwa kinazama ndani. Siku ile ya nne inapohitajika, inapanda imeinamisha pua na kukita kwenye mteremko wa kuingilia chemba. Tena kichwa kikizama, nafasi ya baruti inapungua, na mgandamizo wa kupiga unaweza kupanda. Dawa yake haina gharama: kila jioni toa zote, zikague, zibadilishane nafasi.

Mkono wa bolti ukikataa kushuka, soma kwanza maandishi ya kitakoni mwa ganda. Usicheke. Kuna risasi za aina mbili, 308 na 30-06: ganda la 308 lina urefu wa milimita 51 na la 30-06 lina milimita 63, lakini vitako vyao vina unene uleule. 30-06 haitaingia kwenye bunduki ya 308, na heri isiingie. Ya hatari ni kinyume chake, maana 308 inaweza kuingia kwenye 30-06 na ikapiga, ganda likapasuka ndani. Kama maandishi ni sahihi, mimi hupaka risasi wino wa makapeni, naiingiza taratibu (pini ikiwa nje) na kuitoa. Wino uliokwanguka unanionyesha inapogusa: bega la ganda, shingo yake, au kwenye kichwa kinachofikia mifereji ya mtutu.

Wenye bunduki za mtindo wa Mauser wa 1898 wana kisa chao. Ule ukucha mrefu ubavuni mwa bolti umetengenezwa kuidaka risasi inapopanda kutoka magazini. Ukidondosha risasi kwa mkono moja kwa moja chemba, ukucha mara nyingi hauruki juu ya ukingo wa ganda, na bolti haifungi. Watu hulazimisha. Nimeletewa kucha zilizovunjika hivyo. Ishushe magazini kwanza, halafu sukuma.

Bolti ngumu kunyanyuka baada ya kupiga, hapo mimi naogopa. Risasi iliyoshinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani, jua letu la Oktoba, baruti yake huwaka kwa kasi zaidi na ganda hubana kuta za chemba. Tazama fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda: ikiwa imebapaa ikajaa tundu lake, na kitako cha ganda kina alama inayong'aa, acha kupiga risasi hizo. Waingereza waliliona hili mapema. Ganda la 416 Rigby la 1911 ni pana kiasi kile ili mgandamizo usipande mno kwenye nchi za joto. Usiigonge bolti kwa jiwe. Ndiyo, nimeletewa iliyogongwa kwa jiwe.

Mikanda ya ngozi ya kuvalia risasi inapendeza, ila ngozi huotesha ukungu wa kijani kwenye shaba nyeupe ya ganda, nao hukwama chembani kama gundi. Mafuta nayo: ukipaka mengi, vumbi letu jekundu linageuka uji wa kusagia chuma. Futa chemba iwe kavu kabisa.

Nilipomwekea mzee risasi bandia ajaribu, tukaona na la pili: alikuwa anavuta bolti nusu njia, anairudisha mbele kabla haijafika mwisho. Ganda halirushwi, au risasi mpya haidakwi. Alirudia pale karakanani, bunduki ikiwa begani, mpaka mkono ukazoea.

Wakati anaondoka akanyoosha mkono. "Na ile ya nne? Nimeinunua kwa hela, fundi."

Nilikuwa nimeshaifungua. Nikampa ganda na kichwa chake bapa, baruti sikumpa.